Swichi 200 kwa hospitali moja

Mwaka 2003 mfanyabiashara mmoja wa Cape Town aliagiza kutoka Marekani swichi 200 za cheche. Swichi yenyewe ni kidude kidogo, ukikishika kinaenea kiganjani, na kazi yake ni kuachia umeme mkali kwa kufumba na kufumbua. Hospitali hukitumia ndani ya mashine ya kuvunja mawe ya figo: cheche inaruka, wimbi la mshtuko linapenya mwilini, jiwe linasagika, mgonjwa anarudi nyumbani bila kupasuliwa. Bomu la nyuklia nalo linataka kifaa cha aina hiyo hiyo, maana baruti inayozunguka kiini chake isipolipuka pande zote kwa mpigo mmoja, hakuna bomu. Karatasi za oda zilieleza kwamba swichi zinakwenda hospitali moja ya Soweto.

Hebu piga hesabu kama anavyopiga mtu anayeuza vifaa hivyo kila siku. Hospitali kubwa huagiza tano, sita, basi. Mia mbili ni za kutibu bara zima. Lakini ukiitazama oda kwa jicho la sheria, haikuwa na doa: swichi hizo kwenda Afrika Kusini hazikuhitaji leseni, kwenda Pakistani, zilihitaji. Aliyeutibua mpango ni mtu asiyejitaja jina, huko huko Afrika Kusini, aliyewatonya Wamarekani. Wao wakakubaliana na mtengenezaji kwamba fungu la kwanza litumwe, ila swichi ziwe zimeharibiwa makusudi zisifanye kazi. Zikasafiri hadi Afrika Kusini, zikageuzwa njia, zikapita Dubai, zikaishia Pakistani. Mwenye oda alikamatwa Januari 2004 alipotua Marekani, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu siku hizi ukisikia habari za udhibiti wa mauzo ya nje, utasikia habari za orodha. Nchi hii imeongeza chipu fulani, ile imeongeza madini fulani, nyingine imezipiga marufuku kampuni kadhaa. Orodha lazima ziwepo, sibishi. Ila kwa maoni yangu orodha peke yake haijawahi kumkamata mtu. Wanaokamata ni watu wanaoijua bidhaa, wanaoona oda haijakaa sawa, wakasema. Na watu hao husema wanapoamini kwamba kinacholindwa ni roho za watu. Wakishahisi kwamba serikali inalinda soko lake, wanafunga mdomo na kuanza kutafuta mwanya. Huko ndiko tunakoelekea.

Silaha zenyewe hazina utata mwingi. Hakuna anayedai kanunua kombora la kulimia. Muuzaji anaomba leseni, waziri anaamua, na mambo yakiharibika lawama zina mwenyewe. Mkataba wa Biashara ya Silaha, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013 na kuanza kutumika Desemba 2014, unazitaka nchi wanachama zipime kabla ya kuuza kama silaha hizo zitatumika kuvunja sheria za vita au haki za binadamu. Wapo wanaopima kwa dhati, wapo wanaojaza fomu.

Kazi iko kwenye bidhaa zenye matumizi mawili, za kiraia na za kijeshi. Kuna kemikali iitwayo thiodiglikoli. Inaingia kwenye wino wa kalamu na kwenye rangi za nguo. Ukiichanganya na kitu kingine kisicho adimu hata kidogo, unapata gesi ya haradali, ile inayobabua ngozi na kuchoma mapafu. Katika miaka ya 1980 mfanyabiashara mmoja Mholanzi aliiuzia Iraki ya Saddam Hussein shehena baada ya shehena, na gesi iliyotokana nayo ikawaangukia Wairani vitani na Wakurdi vijijini mwao. Mwaka 2005 mahakama ya The Hague ilimtia hatiani kwa kushiriki uhalifu wa kivita, akapewa miaka 15, na rufaa ikaiongeza ikawa 17. Pipa lililopakiwa bandarini halikuwa tofauti na pipa linalokwenda kiwanda cha nguo. Nyuzi za kaboni ni vivyo hivyo: zinatengeneza fremu ya baiskeli ya mashindano na zinatengeneza rota ya sentrifuji, mashine inayozunguka kwa kasi kubwa kurutubisha urani ya bomu.

Wengi hudhani ipo ofisi ya dunia inayosimamia haya yote. Haipo. Enzi ya Vita Baridi nchi za Magharibi zilikuwa na kamati yao, CoCom, iliyokaa Paris ikichuja kinachokwenda kwa Wasovieti na washirika wao. Ilivunjwa Machi 1994. Mwaka 1996 pakazaliwa mapatano ya kuchukua nafasi yake, ya Wassenaar, yaliyopewa jina la mji mdogo ulio jirani na The Hague, ofisi yake ikiwa Vienna. Wanachama ni 42, na kutoka Afrika ni Afrika Kusini peke yake. Pembeni kuna makundi mengine: la wauzaji wa vifaa vya nyuklia, lililoundwa baada ya India kulipua kifaa chake mwaka 1974, la Australia, la mwaka 1985, linaloshughulikia kemikali na vimelea, na la teknolojia ya makombora, la mwaka 1987. Hakuna hata moja kati ya haya lenye mkataba wa kumbana mtu. Wanachama wanakubaliana orodha, kisha kila mmoja anarudi kwao kutunga sheria yake, kutoa leseni zake na kuwafunga watu wake, au kutowafunga.

Na uamuzi wa Wassenaar hupita kwa wote kukubali. Urusi ni mwanachama. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, msomaji anaweza kujiambia mwenyewe vikao vilikwendaje. Ndiyo maana Uingereza, Ufaransa, Uholanzi, Kanada na Japani zimeanza kujiwekea masharti yanayofanana nje ya ukumbi, kama zilivyofanya kwa kompyuta za kwantamu mwaka 2024. Udhibiti wa pamoja unarudi kuwa udhibiti wa kila nchi na lake.

Kuna wajibu mmoja unaozigusa nchi zote, hata ile isiyotengeneza msumari. Azimio namba 1540 la Baraza la Usalama, la Aprili 2004, linaitaka kila nchi iwe na sheria za kuzuia vifaa vya silaha za maangamizi visiangukie mikononi mwa watu binafsi, na linataja wazi mizigo inayopita njia na inayobadilishiwa meli. Lilikuja miezi michache baada ya meli iitwayo BBC China kusimamishwa Oktoba 2003 na kupelekwa bandari ya Taranto, Italia. Ndani yake yalitolewa makontena yenye sehemu za sentrifuji yakielekea Libya. Zilikuwa zimechongwa katika kiwanda kimoja cha Malaysia, zikapitia Dubai, na nyuma yake kulikuwa na mtandao wa Abdul Qadeer Khan, baba wa mradi wa bomu la Pakistani. Kiwanda kilieleza kwamba kilidhani ni vipuri vya sekta ya mafuta na gesi. Inawezekana kabisa kwamba mchongaji aliyesimama kwenye mashine yake alidhani hivyo.

Sasa njoo kwenye meza ya afisa forodha. Anachokiona ni namba ya ushuru. Namba 8542 ni saketi unganifu, yaani chipu. Chini ya namba hiyo imo chipu ya mwanasesere anayeimba na imo chipu ya kuongozea kombora, kwa sababu namba za forodha zilitungwa kwa ajili ya kutoza kodi. Orodha za udhibiti zina lugha yake nyingine, ya hertzi na mikroni na nyuzi joto, na lugha hizi mbili hazitafsiriani. Urusi ilipowekewa vikwazo, Marekani, Umoja wa Ulaya, Uingereza na Japani zililazimika kutunga orodha ya pamoja ya namba 50 za forodha zinazopewa kipaumbele. Sababu ni kwamba makombora na droni zilizookotwa Ukraine zilikutwa zimejaa chipu za kawaida ambazo hakuna orodha ya zamani iliyozijali.

Kwa hiyo macho yanarudi kwa muuzaji. Wizara ya Biashara ya Marekani ina waraka wa dalili za hatari ambao naupenda kwa sababu umeandikwa kama na mtu aliyewahi kuuza kitu. Mteja anataka kulipa taslimu mashine ambayo kila mtu hununua kwa mkopo. Mteja anakataa fundi asije kumfungia mashine wala kumfundisha. Anwani ya mwisho ya mzigo ni ofisi ya wakala wa usafirishaji. Halafu kuna mfano wao wa kompyuta za hali ya juu zilizoagizwa na duka dogo la mikate. Hakuna mashine ya forodha inayoweza kunusa hilo. Karani wa mauzo ananusa, na aghalabu ananusa siku ile anayohitaji kufikisha lengo la mauzo la mwezi.

Sheria nyingi zimejaribu kumwajibisha karani huyo kwa kifungu cha kukusanya yote: hata kama bidhaa haimo kwenye orodha, ukijua au ukiambiwa kwamba inakwenda kwenye silaha za maangamizi, unahitaji leseni. Ujerumani ilikaza sheria zake hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya aibu ya Rabta, ambako kampuni yake moja ilikuwa imeisaidia Libya kujenga kiwanda cha gesi za sumu kwa jina la kiwanda cha dawa. Kifungu ni kizuri. Lakini soma tena neno “ukijua”. Linamfundisha mwenye kampuni kwamba usalama wake uko katika kutojua, na mawakili wa kumfundisha asijue wapo wengi.

Serikali zenyewe nazo si malaika katika habari hii. Mwaka 1992 wakuu watatu wa kampuni ya Matrix Churchill ya Coventry, Uingereza, walisimamishwa kizimbani kwa kuiuzia Iraki mashine za kukereza chuma, eti walificha kwamba zingetengeneza silaha. Kesi ikasambaratika Novemba mwaka huo, waziri wa zamani Alan Clark alipokiri mahakamani kwamba serikali ilijua. Uchunguzi wa Jaji Scott, uliotolewa Februari 1996, ulionyesha kwamba mwongozo wa kuuza vifaa Iraki ulilegezwa kimyakimya huku Bunge likiambiwa haujabadilika. Watu wale walikaribia kufungwa kwa kufanya jambo ambalo wakubwa walikuwa wamelikonyezea jicho. Baada ya hapo, muuzaji gani angepiga simu wizarani kwa hiari yake?

Tena kuna kosa la kurefusha orodha kupita akili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilihesabu programu za kusimba ujumbe kuwa zana za kivita, zikawekwa fungu moja na mizinga. Phil Zimmermann alitoa programu yake ya PGP mwaka 1991, ikaenea intanetini, naye akachunguzwa kwa miaka mitatu kwa tuhuma za kusafirisha silaha bila leseni. Jibu la wanahisabati lilikuwa la kejeli tupu. Kodi nzima ya programu, yaani maandishi ya maagizo yake kwa kompyuta, ikachapishwa kitabu mwaka 1995, kwa kuwa vitabu havizuiwi, na ng'ambo watu wakaiskani ukurasa kwa ukurasa wakaijenga upya. Wengine walivaa fulana zilizoandikwa mistari michache ya kodi, wakisema kifua chao sasa ni silaha. Uchunguzi ulifutwa Januari 1996. Hawa ni watu ambao serikali ingewahitaji kama macho yake, na orodha iliwageuza kuwa wasafirisha magendo wenye fahari.

Linganisha na chipu za leo. Tarehe 7 Oktoba 2022 Marekani ilizuia chipu kubwa za akili bandia zisiuzwe China. Kipimo kimojawapo kilikuwa kasi ya mawasiliano kati ya chipu na chipu, gigabaiti 600 kwa sekunde. Muda si muda Nvidia, kampuni ya Kimarekani ya chipu hizo, ikatoa A800, ndugu wa A100 iliyozuiwa, yenye kasi ya 400. Hakuna sheria iliyovunjwa. Serikali ilichora mstari, wahandisi wakauruka kwa ustadi, na mwaka uliofuata mstari ukachorwa upya. Ikaja chipu nyingine chini ya mstari mpya, H20. Aprili 2025 hiyo nayo ikatakiwa leseni, Julai leseni ikaahidiwa, na Agosti ikajulikana kwamba Nvidia na mshindani wake AMD zimekubali kuipa serikali asilimia 15 ya mapato ya chipu za namna hiyo zitakazouzwa China.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 inayosimamia leseni hizi inasema wazi kwamba maombi ya leseni hayatozwi ada. Lakini tuiache sheria. Kama chipu ile inaweza kulisaidia jeshi pinzani, nami sikatai kwamba chipu za aina hiyo zinaweza, basi asilimia 15 haiipunguzii hatari hata chembe. Na kama haina hatari, kwa nini ilizuiwa Aprili? Mhandisi wa kampuni akiulizwa kesho na mteja wa ajabu ajabu kuhusu chipu hizo, atakumbuka kwamba mwenye mamlaka amekwisha kulitaja jambo hili kwa lugha ya kamisheni.

China haikukaa ikitazama. Agosti 2023 iliweka leseni kwa galiamu na jerimaniamu. Aprili 2025 ikaongeza madini adimu saba, yakiwemo disprosiamu na terbiamu yanayoipa sumaku nguvu ya kuhimili joto, na wiki chache baadaye baadhi ya viwanda vya magari, nchi za mbali kabisa, vilisimama kwa kukosa sumaku. Oktoba ikatangaza kwamba bidhaa iliyotengenezwa popote duniani, ikibeba madini hayo kwa asilimia 0.1 tu ya thamani yake, itahitaji ruhusa ya Beijing. Wamarekani walipiga kelele, ilhali wao ndio waliovumbua kanuni ya aina hiyo. Miaka nenda rudi sheria yao imekuwa ikiifuata bidhaa ya kigeni kwa sababu ina kipande cha Kimarekani ndani. Mwisho wa mwezi marais wawili walikutana Korea Kusini. China ikasitisha kanuni yake kwa mwaka mmoja. Marekani nayo ikasitisha yake, ile ya kuzibana kampuni zinazomilikiwa nusu au zaidi na kampuni zilizo kwenye orodha nyeusi. Katika mapatano hayo hayo yalikuwemo maharage ya soya.

Sisemi udhibiti wa kweli hauna gharama. Una gharama hata ukifanywa kwa nia safi. Kanada ilisimamisha leseni za kamera za droni za Uturuki Oktoba 2020, ikazifuta kabisa Aprili 2021 baada ya kuthibitisha kwamba kamera hizo zilitumika katika vita vya Azabajani na Armenia vya Nagorno-Karabakh, kinyume cha ahadi. Ulikuwa uamuzi wa haki. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: droni hizo, Bayraktar TB2, zikafungwa kamera ya kampuni ya Aselsan iliyotengenezwa Uturuki kwenyewe, na Kanada haina tena cha kumzuilia mtu. Kila leseni unayoinyima inamfundisha mwenzako kutengeneza chake. Kwa hiyo nguvu ya kunyima ni akiba inayopungua, na mimi ningeitumia kwa ubahili: orodha fupi ya vitu vinavyoua kwa wingi, maofisa wa leseni wasiokaa karibu na meza ya mazungumzo ya ushuru, majibu ya haraka kwa muuzaji anayeuliza kwa nia njema, na ulinzi wa kweli kwa yule anayefichua.

Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika kila mara. Kati ya 1982 na 1984 kampuni ya Toshiba Machine ya Japani iliwauzia Wasovieti mashine za kuchonga chuma zenye mihimili tisa, zikiongozwa na vifaa vya kompyuta vya Kongsberg ya Norwe. Mashine hizo huchonga rafadha za nyambizi kwa ulaini unaopunguza kelele majini. Kwenye maombi ya leseni ziliandikwa kuwa mashine rahisi za mihimili miwili. Wapo wataalamu wanaosema Wasovieti walikwisha anza kuzinyamazisha nyambizi zao kabla ya hapo, na huenda ni kweli, lakini uongo wa karatasi haukuwa na ubishi. Desemba 1985 mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya biashara iliyoshiriki dili hilo aliiandikia CoCom barua, akaeleza kila kitu. CoCom ikaipasha Tokyo. Tokyo ikaiuliza kampuni, kampuni ikakana, Tokyo ikaridhika.

Mambo yalilipuka mwaka 1987, Wamarekani walipolifufua jambo lenyewe. Kiangazi cha mwaka huo wabunge kadhaa walisimama nje ya jengo la Bunge mjini Washington wameshika nyundo kubwa, wakaipondaponda redio ya Toshiba mbele ya wapiga picha. Barua ilikuwa imekwisha kaa mwaka mmoja na nusu.